Hakuifungua simu, alichomoa laini

SWALI: Kaka fundi, salaam. Jumamosi nilikwapuliwa simu Mbagala Rangi Tatu, nimekaa dirishani kwenye daladala. Ilikuwa na pateni, kwa hiyo nilijipa moyo. Jioni jirani yangu wa kikoba akaja kunipa pole ya msiba! Kumbe kwenye kundi letu la WhatsApp “nimeandika” nimefiwa, naomba nichangiwe, na namba ya kutuma ipo. Wawili walishatuma. Huyu mtu aliifunguaje simu yangu? Na picha za marehemu mama yangu, anaziona?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Pole sana dada yangu, kwa simu na kwa aibu uliyobebeshwa. Unavyoeleza, naamini hakuifungua. Alichomoa laini akaiweka kwenye simu yake, akaandika namba yako WhatsApp, na meseji ya uthibitisho ikamfikia yeye. Mazungumzo ya zamani hayaoni, lakini makundi yanarudi yenyewe. Kikoba chenu kikamjia mkononi.

Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya ufundi Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, na hili linaniuma kila mara: watu wanafunga simu, laini wanaiacha wazi. Leo laini ndiyo ufunguo wa WhatsApp, wa barua pepe, hata wa benki.

Basi kwanza rudisha laini yako leo, nenda na namba yako ya NIDA. Ukiipata, ingia WhatsApp upya, yeye atatolewa. Ikikudai namba ya siri ambayo hukuiweka wewe, ujue ameiweka yeye, na itakubidi usubiri siku 7. Wakati huo wapigie wanakikoba wote wasikie sauti yako. Ukishaingia, weka ya kwako ya tarakimu 6 kwenye uthibitishaji wa hatua mbili. Ungekuwa nayo Jumamosi, angekwama pale pale.

Kisha ifunge laini yenyewe. Kwenye Mipangilio, sehemu ya usalama, tafuta palipoandikwa kufunga SIM. Itakuuliza PIN ya mwanzo, iliyochapwa kwenye kadi uliyobandulia laini. Usibahatishe, nakuomba. Ukikosea mara 3 inadai PUK, yaani namba ya kuifungulia laini, ya tarakimu 8, na PUK ukiikosea mara 10 laini imekufa. Ukimaliza, zima simu na uiwashe. Ikiuliza PIN kabla ya kushika mtandao, umefanikiwa. Zuia pia meseji zisisomeke kioo kikiwa kimefungwa, maana namba ya uthibitisho ikitokea pale juu, mwizi hahitaji pateni yako.

Na hiyo pateni nayo! Wateja walikuwa wananiletea simu, naiinamishia kwenye mwanga wa mlangoni, naona njia ya mafuta ya kidole imechora herufi L kwenye kioo. Weka namba, tarakimu 6, isiwe mwaka wa kuzaliwa. Tena toa kila kitu nyuma ya kava. Nimeshabandua kava nikakuta kopi ya kitambulisho imekunjwa pamoja na namba ya siri ya kadi ya benki.

Simu ya Android unaweza kuifunga ukiwa mbali kwa kuingia akaunti yako ya Google kupitia simu ya ndugu. Watu wengi hukwama hapo, kwa sababu Google inatuma namba kwenye laini iliyoibiwa. Dawa yake ni namba 10 za akiba ambazo Google inakupa ukiwasha uthibitishaji wa hatua mbili. Ziandike kwenye daftari la nyumbani. Ukurasa huo huo andika IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, tarakimu 15 unazozipata kwa kubonyeza *#06#; polisi watakuuliza.

Sasa picha za mama. Kama zilikuwa ndani ya simu yenyewe, pateni inazilinda, isipokuwa kama ni rahisi kama hiyo L. Kama zilikuwa kwenye memori kadi, sitakuficha: mwizi huwa anaichomeka tu kwenye simu nyingine, zikafunguka. Lakini kabla hujakata tamaa, azima simu ya jirani yako, ingia akaunti yako kwenye photos.google.com. Kama uhifadhi wa picha kwenye akaunti hiyo ulikuwa umewashwa, utamkuta mama yako pale. Zishushe kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini, halafu utoke kwenye akaunti kabla hujairudisha simu ya watu.