Asili ya majina Bluetooth, mdudu na Wi-Fi: jibu kwa mwalimu wa Kayole

Mwalimu mwenzangu,

Nimekuelewa: vijana unaowafundisha kompyuta huko Kayole wamekuuliza Bluetooth ni jino la nani na kwa nini hitilafu ya programu huitwa mdudu (bug kwa Kiingereza), nawe hutaki kuwapa jibu la kubahatisha. Nami hufundisha somo hili Kawangware, na nimeona kwamba neno likishapata kisa chake halisahauliki upesi.

Anza na Bluetooth. Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 aliyepewa lakabu ya Jino la Buluu, ndiye aliyeziunganisha Denmark na Norwei. Mwaka 1997, Jim Kardach wa kampuni ya Intel alipendekeza jina hilo kwa teknolojia iliyokusudiwa kuunganisha vifaa vya kampuni mbalimbali. Waambie watoe simu waitazame alama yenyewe kwa makini, kwani ni herufi mbili za kale za Skandinavia, H na B, zilizobebana.

Kuhusu mdudu, jihadhari. Ni kweli kwamba mwaka 1947 nondo alikutwa amenaswa ndani ya kompyuta ya Harvard Mark II, akabandikwa kwa utepe kwenye daftari la kazi, lakini Thomas Edison alikuwa akiziita hitilafu za mitambo wadudu tangu 1878. Usiwafundishe kwamba nondo huyo ndiye chanzo.

Wi-Fi ni jina la kibiashara lililobuniwa 1999, wala si ufupisho wa "wireless fidelity" kama wengi wanavyodhani. Hata hivyo, ikiwa wanajiandaa kwa mtihani, muulize kwanza msimamizi wa kozi ni jibu gani linalokubaliwa.