Aimbe kantri, ila nyimbo ziwe zake

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: kijana wako akikwambia anataka kuishi kwa kuimba muziki wa kantri, ule wa gita uliotoka Marekani, utamjibu nini? Kwangu jambo hili limeshaingia nyumbani. Mpwa wangu anaimba kantri hapa Nakuru, na nimemjibu aendelee, kwa sharti moja: aandike nyimbo zake mwenyewe, tena aanze sasa.

Mashabiki wapo, hilo halina ubishi. Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1964, na hadi leo sauti yake inasikika Jumapili asubuhi kwenye nyumba za watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo. Elvis Otieno, tunayemwita Sir Elvis, amejijengea jina kubwa Nairobi kwa muziki huu huu.

Tatizo ni kopi, yaani kuimba nyimbo za wengine. Mpwa wangu akipanda jukwaani kwenye bustani ya hoteli, kofia pana na buti ndefu zimejaa mezani, nyama inakatwakatwa, na vikaratasi vinaanza kuletwa: tupigie Kenny Rogers, tupigie Don Williams. Anapiga hadi ncha za vidole zinakuwa nyekundu. Watu wanaimba naye neno kwa neno, wanafurahi kweli, nami nafurahi kumwona. Lakini akishamlipa mpiga besi na kutoa nauli, kinachobaki ni kidogo, na katika yote aliyoimba usiku ule hakuna mstari hata mmoja ulio wake. Siku mwenye hoteli akipata mwingine wa bei nafuu anayeziimba hizo hizo, basi.

Na sisi hatukuanza hivyo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis kule Kapkatet, hapa Kenya, wakiimba juu ya "Chemirocha". Huyo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyekufa 1933, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika vijijini. Wasichana wale hawakumwiga. Walichukua jina lake, wakalitamka kwa ulimi wao, wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu swala, wakamwimbia kwa kinubi cha kwao. Sahani yenyewe ilitoka ng'ambo, lakini wimbo uliozaliwa Kapkatet ni wa Kapkatet, na ndiyo maana bado unatafutwa na kusikilizwa.

Upande wa pesa, mfano wangu ni Dolly Parton, mwimbaji na mtunzi wa kantri wa Marekani. Aliandika "I Will Always Love You" akautoa 1974. Elvis Presley akataka kuurekodi, lakini meneja wa Elvis akadai nusu ya haki za uchapishaji, yaani nusu ya malipo ya mtunzi. Dolly alikataa, ingawa kuimbiwa na Elvis ilikuwa heshima kubwa. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba, ukazunguka dunia nzima, na malipo ya mtunzi yakaenda kwa aliyeuandika. Hata Nashville kwenyewe, mji wa Marekani ulio makao ya kantri, kuna Bluebird Cafe, ukumbi mdogo wa viti visivyofika mia, ambako watunzi huketi katikati ya wasikilizaji, kila mmoja akaimba alichoandika na kueleza kilivyokuja. Mtunzi anaheshimiwa pale hata kama jina lake halijulikani mitaani.

Mpwa wangu ana wimbo mmoja wa namna hiyo. Unamhusu nyanya yake wa Molo, yaani mama yangu, na shamba la pareto alilong'oa mwenyewe malipo yalipochelewa mno. Anauimba kwa Kiswahili, gita likiwa taratibu, na kwenye kibwagizo anaingiza maneno ya Kikuyu kama mama anavyoyasema. Mara ya kwanza alipouimba hotelini, mzee mmoja alimfuata nyuma ya jukwaa kumuuliza ni pareto ya nani, maana hata yeye aling'oa yake.

Kwa hiyo kazi yake ya dukani asiiache bado. Kopi azipige, zinalipa kodi ya nyumba, ila kila shoo aingize wimbo wake mmoja, hata asipoombwa. Akitunga na wenzake, waandikiane mapema nani ana sehemu gani, kabla pesa haijaonekana. Hakimiliki ipo tangu wimbo unaporekodiwa au kuandikwa, lakini ausajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, apate ushahidi mkononi. Wimbo wa pareto tumeshaupeleka. Wa pili umemkwama ubeti wa tatu, na nimekataa kumsaidia kuumalizia, ili jina la mtunzi libaki lake peke yake.

Msomaji wenu, Nakuru