Fungueni chaneli moja, ila isikae kwenye imeili ya mtu mmoja

Dada yangu, umeuliza vikundi vyenu vitatu, taarab, ngoma na wachoraji, mufungue chaneli moja YouTube au kila mtu na yake. Mie nakwambia fungueni pamoja, maana ili mugaiwe pesa za matangazo wanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, sasa kikundi chenye video sita kitazipata lini hizo saa peke yake?

Lakini chonde chonde, isifunguliwe kwa imeili ya mtu. Sisi yalitukuta, kijana wetu alieshika mambo ya video alihama na paswedi yake kichwani, nyimbo zetu za miaka minne zipo kule mpaka leo na hata picha ya juu hatuwezi kubadilisha, inauma wallahi. Fungueni imeili ya umoja wenyewe, halafu ndani ya YouTube Studio kuna pahala pa ruhusa, mnamwalika kila mtu kwa imeili yake, mmoja meneja, wengine wahariri, mhariri anapandisha video lakini chaneli hawezi kuifuta, na paswedi hapewi mtu.

Mapato andikianeni mapema, nyimbo mlizotunga zisajilini COSOZA, wale wanaosimamia hakimiliki Zanzibar. Na video halisi wekeni kwenye hard disk, mbili kabisa, moja Mjini moja kwa mzee wenu shamba.

Jengine, siku ya kurikodi zimeni feni, qanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarab, inamezwa yote na ule mvumo.