Chelewa, lakini fika: ya mahudhurio kwa wanaosoma sekondari za kutwa huku kusini

Mtwara kuchele! Leo naandika kwa wazazi wenzangu na kwa wanangu mnaosoma sekondari za kutwa, hizi shule zetu za kata, kuanzia Tandahimba, Newala na Nanyamba mpaka kule Ruangwa na Nachingwea. Wa bweni leo siwasemi sana, wao kengele ikigongwa wako hapo hapo. Namsema mtoto anayetoka nyumbani giza halijaisha, anapiga mguu mwenyewe, afu akifika anakuta geti limeshafungwa.

Nimefundisha shule za kutwa kwa mda mrefu, nimekuwa mwalimu wa darasa, nimekaa sana zamu pale getini, na wanangu wa kuzaa wamepita shule hizo hizo. Jambo ninalotaka mlishike kuliko yote ni hili, mwanafunzi akichelewa afike. Hata kama ni saa 3, hata kama paredi imeisha zamani, hata kama anajua kabisa kuna adhabu inamsubiri, afike. Nasema hivyo kwa sababu watoro wengi niliowaona kwenye daftari langu la mahudhurio hawakuanza kwa kuichoka shule, walianza siku moja wamechelewa wakaogopa kuingia.

Inakuwa hivi. Mtoto kachelewa, kwa mbali anasikia wenzie wanaimba wimbo wa taifa mstarini, anajua sasa hivi mwalimu wa zamu kasimama getini na fimbo. Anasita. Shule zetu nyingi zimezungukwa na mikorosho, basi anaingia huko anakaa chini ya mkorosho mmoja, na wala hayuko peke yake, atawakuta wawili watatu waliomtangulia. Wanapiga stori, wanatafuta mabibo kama ni msimu, saa 8 mchana wenzao wakitoka wanajichanganya nao wanarudi nyumbani na sare zao na vumbi miguuni kama kawaida. Mama anasema pole mwanangu, kula. Kesho yake sasa mtoto ana kesi mbili, ya leo na ya jana, maana jana kwenye daftari hayupo na hana cha kusema, kwa hiyo hata akiwahi anaogopa, na keshokutwa kesi zimekuwa tatu. Mpaka mwalimu wa darasa aandike barua, na barua apewe jirani aifikishe, na jirani aisahau kwenye kikapu, mtoto ana wiki 3 nje na mzazi anaapa kwa Mungu kwamba mwanangu kila siku anaenda shule. Na kweli kila siku anatoka.

Ndio maana nawaomba wazazi, msimuulize mtoto "umeenda shule?" Muulize "leo mwalimu wa hisabati kafundisha nini, hebu nione daftari." Hata kama wewe hukusoma. Tarehe utaiona, kila somo linaandikwa tarehe juu, ukiona kwenye madaftari yote tarehe zimeruka kutoka 4 mpaka 19 umeshajua.

Sasa shule inataka nini hasa. Kila shule ina ratiba yake lakini nyingi zinamtaka mwanafunzi awe ameshafika kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, kuna usafi wa mazingira, kuna paredi, majina yanaitwa, afu vipindi vinaanza, na kipindi kimoja ni dakika 40. Mtu anaweza kusema mtoto akikosa usafi na paredi si kitu, kafagia nyumbani tayari. Haya, lakini kuchelewa hakukai kwenye usafi, kunasogea, leo unakosa paredi na baada ya wiki unaingia kipindi cha pili. Kukosa kipindi cha kwanza kila siku maana yake kwa wiki umekosa vipindi vitano, ni dakika 200, zaidi ya saa 3 za kusoma. Na kuna kitu wanafunzi wengi hawakioni, ratiba inajirudia kila wiki! Ukiwa ni mtu wa kuchelewa jumanne na alhamisi kwa sababu siku hizo una kazi fulani nyumbani, na jumanne na alhamisi asubuhi ni hisabati, wewe si kwamba unakosa kidogo kidogo kila somo, wewe unalikosa somo lile lile moja muhula mzima. Na hisabati na masomo ya sayansi walimu wengi tunapenda kuyaweka asubuhi, vichwa vikiwa bado havijachoka. Afu mtoto anakuja kusema hesabu ngumu, mimi sina kipaji, kumbe topiki ilipoanza hakuwepo.

Halafu kuna matesti. Mtihani wa kidato cha nne wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, haubebi alama zote 100, 30 zinatokana na maendeleo ya mwanafunzi huko nyuma na mtihani wenyewe unabeba 70, kwa hiyo rekodi yako ya shuleni inaanza kujengwa mapema, haisubiri novemba ya kidato cha nne.

Tuje kwenye kuwahi kwenyewe. Sisi huku tuko mashariki kabisa ya nchi, jua letu linachomoza karibu dakika 40 kabla ya Kigoma, ikifika novemba saa 12 kasoro kumeshapambazuka, kwa hiyo giza la asubuhi kwetu sio kisingizio kikubwa. Ila na jioni nako kunaingia giza mapema, mwezi wa 6 saa 12 jioni na dakika chache jua limeshazama, na hapo ndipo ninapoona tatizo lilipo. Mtoto anarudi saa 9 au 10 alasiri, anatumwa dukani, anatumwa kusaga, anachota maji, anapika, anasimamia wadogo zake, giza limeingia, daftari anafungua saa 3 usiku kwa tochi ya simu, analala saa 6, unategemea huyo aamke saa 11 alfajiri? Asubuhi ya mtoto inatengenezwa jioni. Sare ifuliwe na ianikwe mapema, begi lipangwe kabla ya kulala, na kama kuna kiporo cha muhogo au ugali kiwekwe mahali anapokiona ili asitoke na njaa.

Maji naomba niyaseme kwa kirefu. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde hatuna mito, maji yanapandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, mengine tunavuna ya mvua kwenye visima vya kuchimba nyumbani, na kiangazi vile visima vikikauka foleni ya maji inaanza alfajiri. Nani anapanga ndoo? Mtoto wa kike wa sekondari. Nilipokuwa zamu niliamua kila anayechelewa aandike mwenyewe kwenye kaunta buku jina, saa aliyofika na sababu, afu aingie darasani moja kwa moja, adhabu ikae mpaka vipindi viishe. Nilipokaa kulisoma lile buku nikaona kwa wasichana neno moja limejirudia ukurasa baada ya ukurasa, maji, maji, maji, wengine wameandika "nilipanga foleni mama anaumwa", wengine "ndoo ya mwisho". Wavulana wao wengi waliandika "nimelala" au "baiskeli pancha". Tuliitisha kikao cha wazazi tukawasomea bila kutaja majina ya watoto, pakawa kimya, na baba mmoja akasimama akasema kuanzia kesho ndoo za asubuhi nachota mimi na baiskeli. Na alichota. Mtoto wake akaacha kuonekana kwenye buku langu. Sikumpiga, sikumfokea, baba yake kabeba ndoo tu.

Kwa hiyo kabla hujamwita mwanao mvivu jiulize yale madakika yake ya asubuhi nani anayala. Maji yachotwe jioni, au wagawane na kaka zake, kaka naye ana mikono.

Wanaopanga mageto, yaani vyumba vya kukaa wenyewe, karibu na shule ni habari nyingine. Mzazi anaona kamaliza tatizo la umbali, mtoto hatembei tena, kumbe wanaokaa geto nimewaona wakichelewa kuliko anayetoka kijiji cha mbali, kwa sababu hakuna wa kumwamsha na hakuna wa kumwambia zima simu. Kama huna jinsi mpangie kwa mama mtu mzima anayekaa na familia, mkubaliane hata kwa kumpelekea unga na kuni, awe anamgongea mlango alfajiri. Na umpigie mwalimu wa darasa, sio kumpigia mtoto tu.

Usafiri pia. Kwa wanaokaa Mtwara mjini au Lindi mjini makonda wana tabia ya kuwaacha wanafunzi stendi asubuhi, wanachukua wanaolipa nauli kamili kwanza, sasa mwanangu ukijua hivyo ondoka mapema kidogo kabla watu wa ofisini hawajajaa. Na kwa mabinti, lifti ya bodaboda ya bure kila asubuhi ikatae, mwambie mama au mwalimu wa malezi kuna boda ananibeba bure. Ni bora ufike saa 2 kwa miguu yako. Anayempa mwanafunzi mimba sheria inamfunga miaka 30, lakini yeye akifungwa wewe masomo yako yameshasimama.

Mabinti hao hao wana siku zao za mwezi, na hili tunalionea aibu bure. Kuna waliokuwa wanakosa siku tatu nne kila mwezi, kwenye daftari zinaonekana kabisa zinakuja kwa mpangilio, na ukimuuliza anasema tumbo. Binti awe na taulo za kike kwenye begi mda wote, hata kitambaa kisafi cha akiba na sketi ya ziada, na ajue mwalimu gani wa kike wa kumwendea. Baba ukiuza korosho weka hela ya hiyo kitu pembeni kama unavyoweka ya dawa ya kupulizia mikorosho.

Na korosho sasa. Najua nitakayosema wengine hawatayapenda. Msimu wetu unachanganya kuanzia mwezi wa 10, minada inaanza, kila mtu yuko shambani anaokota, na ndio huo huo mda kidato cha nne na kidato cha pili wanajiandaa na mtihani wa taifa. Mzazi ananiambia mwalimu nisipomchukua mtoto wengine watakuja kuziokota. Namuelewa kabisa, hiyo korosho ndio daftari, ndio sare, ndio hela ya kula. Elimu bila malipo imefuta ada tangu 2016 lakini viatu havijawahi kuwa bure. Ninachoomba ni mpangilio, jumamosi na jumapili yote chukua, saa 10 alasiri mpaka magharibi chukua, sikukuu chukua, ila kati ya saa 1 asubuhi na saa 8 mchana za jumatatu mpaka ijumaa zile niachie. Mwaka wa masomo ni siku 194 tu, zinazobaki zote ni zako. Na ngoma za unyago na jando vivyo hivyo, tuziweke kwenye likizo ya mwezi wa 6 au wa 12 kama wengi wanavyofanya na ziishe kabla ya kufungua, sio shule imefunguliwa na mwali bado yuko ndani wiki ya pili.

Walimu wenzangu na sisi tuna kazi. Kanuni za viboko zinasema visizidi vinne na kwa idhini ya mkuu wa shule, ila mimi nasema zaidi ya hapo, aliyechelewa usimweke nje kupiga magoti vipindi viwili, unakuwa umemwongezea kukosa. Kile kipindi alichokiwahi mwache akisome, afyeke mchana. Ukimpokea kwa matusi mbele ya wenzie kesho usimtegemee getini, yuko kwenye mikorosho.

Ruhusa iombwe mapema. Kuna msiba, mtoto anaumwa, tuma ujumbe kwa mwalimu wa darasa siku ile ile, na akienda zahanati karatasi aliyopewa arudi nayo. Ujumbe wa mstari mmoja unatosha, "mwl, fulani ana malaria, atarudi jumatano".

Na kama wakati unasoma hapa mwanao ameshakaa nje wiki nyingi, usisubiri muhula mwingine. Akifikisha siku 90 mfululizo bila taarifa jina lake linaweza kufutwa, na kabla ya hapo jambo linaweza kuwa limeshafika kwa mtendaji wa kata. Nenda naye wewe mwenyewe, umuone mwalimu wa darasa kwanza kabla ya mkuu wa shule, useme ukweli wote alikuwa wapi, na umuombe mwalimu amkabidhi kwa mwanafunzi mmoja mwenye madaftari mazuri anakili alichokosa, aanze na hisabati na kiingereza. Kama jina limeshafutwa au binti alijifungua, upo Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2021 unaoruhusu waliokatiza masomo kurudi, uutaje ofisini, na wakikuzungusha nenda kwa afisa elimu kata. Wiki ya kwanza akisharudi msindikize mpaka getini, asubuhi zote tano, akikasirika kwamba unamwaibisha mwache akasirike.