Ukiwa na shamba nje ya Lubumbashi, ongea na jirani kabla majani hayajakauka

Kila kiangazi moshi unatanda juu ya Lubumbashi, na hakuna asiyejua kwamba pori linaungua. Lakini ukipita barabara ya Kasenga mwezi wa nane utaona nyumba ambazo majani makavu yamefika hadi ukutani.

Wengi mjini wanasema watu wa shamba hawajui kujikinga na moto. Mimi nalima huko, na sikubali. Mtazame mchoma makala, yaani makaa: kabla ya kuwasha tanuru anakwangua majani pande zote mpaka udongo mwekundu uonekane, kisha analala papo hapo. Mwenye mizinga naye anafyeka chini ya kila mti wenye nyuki. Ujuzi upo. Ila tanuru ni lake. Majani yanayozunguka lupango, yaani kiwanja chako, ni ya nani? Ya mtu aliyenunua kiwanja, akajenga nusu ukuta, akarudi mjini. Ukifyeka kwako, moto unatokea kwake. Tena wapo wanaoutaka huo moto: anayewinda panya, na mwenye mbuzi anayesubiri majani mapya. Halafu kuna hili la kulipa: ukichoma majani mapema ili kuzuia moto mkubwa, ukaunguza mihogo ya mwenzio, utaitwa mbele ya chifu. Aliyekaa bila kufanya kitu haitwi.

Kwa hiyo msinunue vifaa kwanza. Nendeni kwa jirani mwezi wa tano, majani yakiwa bado na unyevu. Moto wa wakati huo unatambaa chini, na miti mikubwa ya miombo haiumii sana. Ule wa mwezi wa kenda unakuta majani yamempita mtu urefu na yamekauka kabisa. Huo hausimamishwi na ndoo. Mimi humwambia tu, "Baba, Jumamosi tulime mpaka pamoja." Tunalima ukanda mpana pande zote mbili, tunachoma jioni upepo ukitulia, kila mtu na tawi bichi mkononi.

Nyumbani, msiogope miali peke yake. Cheche zinaruka mbali, na paa la nyasi linashika kwa cheche moja. Wenye mabati nao wanajidanganya: magunia ya makala yaliyopangwa ukutani yanatosha kuchoma mlango.

Jirani akiwa haishi hapo, mtafuteni mlinzi wake. Mara nyingi jembe analo yeye, na ndiye anayelala karibu na hayo majani.