Sitari ile ilitolewa kwa mkono wa wenyewe

Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na picha nimeiona. Nimeikuza kwenye simu mpaka nikaona vigingi vya kukazia nyuzi. Umeniuliza mambo mawili kwa pamoja: sitari, ile ala ya nyuzi ya Kihindi, ya mpigaji mashuhuri Ravi Shankar imefikaje British Museum, jumba la makumbusho la huko London, na kwa nini isirudi India ikapigwa na wanaojua kuipiga, badala ya kukaa kimya ndani ya kioo. Ukasema ulipoiona ulikumbuka vitu vyetu vilivyomo humo humo, ukatoka na hasira.

Hasira hiyo naijua, na mara nyingi iko mahali pake. Lakini sitari hii, mamangu, usiitie katika hesabu hiyo. Ravi Shankar alifariki Desemba 2012 huko California, akiwa na umri wa miaka 92. Mwaka 2017, wakati British Museum ilipokuwa inafungua upya ukumbi wake wa China na Asia ya Kusini, mjane wake Sukanya na binti yao Anoushka ndio walioitoa iwe zawadi. Na Anoushka si mrithi aliyekuta dude kubwa sebuleni asijue la kulifanya. Ni mpigaji sitari wa kutajika, kafundishwa na baba yake tangu utotoni, na kuzaliwa kazaliwa hapo hapo London. Alijua anatoa nini. Mwenye mali akitoa mali yake kwa hiari, na akili zake timamu, jirani hana la kumfokea.

Swali lako la kwanza limekwisha hapo. La pili ndilo lililonikosesha usingizi wa mchana, maana mimi ni mpiga udi na najua chombo kisichoguswa kinavyokuwa.

Nianze na aliyekitengeneza, kwa sababu naamini wengi wanaopita pale husoma jina la Ravi Shankar wakaendelea na safari. Sitari ile iliundwa mwaka 1961 na fundi wa Kolkata aitwaye Nodu Mullick. Jina hilo lishike. Mullick hakuwa fundi wa kukabidhi kazi, kupokea ujira na kufunga duka. Alisafiri na Ravi Shankar nchi za nje, akaketi nyuma yake jukwaani akipiga tanpura, ile ala ndefu ya nyuzi nne ambayo kazi yake ni kutoa mvumo usiokatika chini ya muziki wote. Fundi ameketi hatua mbili tatu kutoka kwenye chombo alichokiunda kwa mikono yake, usiku huu mji huu, kesho mji mwingine, anasikia kila kinachokwenda sawa na kila kinachoanza kwenda kombo. Sijui mpigaji gani wa hapa Pwani aliyewahi kupata bahati kama hiyo.

Na sitari inamhitaji fundi wa karibu. Ukirudi pale, tazama chini, juu ya lile buyu kubwa. Utaona kipande cha mfupa kilichobeba nyuzi. Kwenye fidla kipande hicho huwa chembamba, uzi unakigusa kidogo tu. Kwenye sitari ni kipana, uso wake umelazwa kidogo, na uzi unakipapasa njia nzima kabla ya kukiacha. Hapo ndipo inapozaliwa ile sauti inayometameta, inayochelewa kufa. Mtelemko wa mfupa ule husawazishwa kwa tupa na kwa sikio. Ukizidisha kukwangua kiasi cha unywele, sauti inakufa; ukipunguza, inakoroma. Na kadiri chombo kinavyopigwa, nyuzi zinauchimba mfupa vijifereji, na fundi inabidi aanze tena. Halafu tazama chini ya vile vyuma vya shaba vilivyopindwa juu ya shingo. Kuna safu ya nyuzi nyembamba, zaidi ya kumi, ambazo mpigaji kwa kawaida hazigusi sana wakati wa kupiga. Kila moja imelinganishwa na sauti yake, na sauti hiyo ikipigwa juu, ule wa chini unaitika wenyewe.

Wenzetu Wahindi chombo kama hicho hawakioni kuwa mbao na waya tu. Ni kitu cha Saraswati, mungu wao wa elimu na muziki. Siku yake wanaviweka vyombo mbele yake na kuviheshimu. Mwaka 1966, George Harrison wa Beatles, lile kundi la muziki la Uingereza, alipokuwa anaanza kujifunza kwa Ravi Shankar, simu ililia katikati ya somo. Harrison akaiweka sitari chini, akainuka, akairuka kwenda kuipokea. Ravi Shankar akamchapa mguuni papo hapo na kumwambia akiheshimu zaidi chombo. Harrison wakati ule alikuwa miongoni mwa vijana maarufu kuliko wote duniani, na kisa hiki alikuwa akikisimulia mwenyewe. Mwaka uliofuata, kule Monterey, California, Ravi Shankar alimwona mpiga gitaa Jimi Hendrix akilitia moto gitaa lake jukwaani, na jambo lile lilimuumiza sana. Mzee aliyenifundisha mimi udi hakuwa Mhindi wala hakumjua Saraswati, lakini ole wako ukutwe umeulaza udi mahali watu wanapopita.

Kwa hiyo unaweza kuniuliza: watu wenye heshima ya namna hiyo wanakitoaje chombo kikawekwe kwenye kioo?

Mimi naona jibu limo katika maisha ya Ravi Shankar mwenyewe. Alizaliwa Benares, India, mwaka 1920, familia ya Kibengali. Akiwa na miaka kumi akachukuliwa Paris kuungana na kundi la kaka yake mkubwa, Uday, mcheza ngoma mashuhuri, akakulia kwenye mahoteli na majukwaa ya Ulaya. Mwaka 1935 ustadh Allauddin Khan, mwalimu mkubwa wa muziki wa India, alijiunga na kundi hilo kwa safari ya Ulaya, na pale bandarini Bombay mama yake Ravi aliushika mkono wa mwanawe akauweka katika mkono wa ustadh, akimwomba amwangalie kama mtoto wake. Mama na mwana hawakuonana tena. Mama alifariki mwaka uliofuata. Mwaka 1938 yule kijana aliyezoea suti za Paris alinyoa nywele, akaenda Maihar, mji mdogo wa ndani kabisa, akaketi miguuni pa Allauddin Khan kwa miaka saba. Ustadh alikuwa mkali ajabu. Alikuwa Mwislamu aswaliye ambaye vilevile alikuwa akipanda kilimani kwenye hekalu la Kihindu la Sharda, na mwanafunzi wake huyu alikuwa Mhindu wa ukoo wa Kibrahmin. Hilo halikumzuia yeyote kati yao.

Kilichofuata ni kwamba muziki ule Ravi Shankar aliuchukua akautoa nje. Alikuwa na kazi nzuri katika redio ya India, akaiacha mwaka 1956 akaenda kupiga London, Ujerumani na Marekani, mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuisikia raga, ile mitindo ya mahadhi ya Kihindi, hata moja. Tarehe 1 Agosti 1971, katika tamasha la kuwachangia wakimbizi wa Bangladesh pale New York, yeye na Ali Akbar Khan, mtoto wa ustadh wake, walikaa wakalinganisha nyuzi zao. Walipomaliza kulinganisha, ukumbi mzima ukapiga makofi. Ravi Shankar akawashukuru kwa upole, akasema kama wamependa kulinganisha kiasi hicho, anatumaini watapenda zaidi kupigwa kwenyewe. Maisha yake yalikuwa hayo: kuwafundisha wageni kusikiliza, bila kuwadharau kwa kutojua. Chombo chake kimoja kukaa London, mjini ambako watoto wa dunia nzima wanapita na walimu wao, hakiendi kinyume na alivyoishi.

Lakini kimya chake? Hilo sitakudanganya, linaniuma. Chombo cha nyuzi kinachopigwa kinafunguka, kikikaa, kinajifunga. Mwenye kukipiga anakijua kwa vidole, anakisikia kinavyobadilika na unyevu wa hewa. Kioo hakina vidole. Ila fikiria na upande wa pili. Mpigaji wa kiwango kile hakuwa na sitari moja. Na sitari inayopigwa kila siku miaka sitini haibaki kama alivyoiacha Mullick. Mfupa utakuwa umebadilishwa, vyuma vimelika, vigingi vimewekwa vipya, pengine na buyu limepasuka likazibwa. Ikiwa kuna mahali pamoja duniani ambapo fundi kijana wa Kolkata anaweza kwenda kupima kazi ya Mullick, akaona alivyokata na alivyounganisha, mimi naona ni hazina kwa mafundi, hata kama kwa wapigaji ni msiba mdogo. Sharti langu ni moja: fundi huyo akiomba kuipima, asipewe visingizio, na viza asinyimwe.

Tena muziki wenyewe haukufungiwa mle. Allauddin Khan alimfundisha Ravi, na Ali Akbar, na binti yake Annapurna Devi, na Nikhil Banerjee. Ravi akamfundisha Anoushka na wengine wengi. Kila mmoja wao alikaa mbele ya mtu akaiga kwa sikio, akakosea, akasahihishwa. India leo haijapungukiwa na sitari wala wapigaji. Ukitaka kujua kama watu wamedhulumiwa chombo chao, tazama kama baada ya chombo kuondoka kazi yake bado inaendelea nyumbani kwao, na nani aliyekitoa.

Na sasa ndipo nataka hasira yako. Ukiwa kwenye ukumbi ule ule, tafuta chumba kidogo cha pembeni kilichowekwa michongo ya mawe meupe kutoka Amaravati, kusini mwa India. Yalikuwa yamepamba jengo takatifu la Wabudha lenye umri wa karibu miaka elfu mbili. Ofisa wa Kiingereza aliyachimbua mwaka 1845, na yalisafirishwa kwa meli kwenda London mwaka 1859. Huko hakuna mjane aliyeketi na binti yake wakakubaliana kutoa. Sitari na mawe yale yametoka nchi moja, yako chini ya paa moja, na mpita njia anaweza kudhani yamefika kwa njia moja. Ningependa uwe mtu asiyechanganya.

Halafu kuna Ngadji. Nilikutajia ukiwa mdogo, sidhani kama unakumbuka. Ni ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana, ngoma ya ufalme wao. Ilipolia, watu walijua wanaitwa. Waingereza waliichukua mwaka 1902, na mwaka 1908 ikaingia British Museum. Hata kwenye kioo haimo, mamangu. Imewekwa ghalani. Wewe umekwenda kutazama sitari bila kujua habari zake, na hakuna maandishi ya kukuambia. Wazee wa Kipokomo wameidai irudi. Anoushka akitaka kumsikia baba yake, anachukua sitari nyingine akapiga alichofundishwa. Mpokomo akitaka kuisikia Ngadji afanyeje? Ilikuwa moja, na mamlaka yaliyokaa ndani yake yaliondoka nayo. Kimya cha sitari kimechaguliwa na wenye sitari. Kimya cha Ngadji kililetwa na watu wenye bunduki, na mpaka leo kinaendelea kwa sababu hakuna aliye na haraka ya kufungua ghala.

Kwa hiyo ukiandika ile barua ya malalamiko uliyosema utawaandikia, sitari iondoe kabisa. Ukiitia, watakujibu kwa ukurasa mmoja wa hati ya zawadi, watakuona hujui usemalo, na Ngadji itakosa msemaji. Andika juu ya Ngadji peke yake. Uliza iko ghala gani, ilionyeshwa kwa umma lini mara ya mwisho, na nani anaruhusiwa kuiona. Mwaka walioipokea watakuwa nao kwenye daftari zao. Waambie wautaje kwa maandishi, pamoja na jina la aliyewapa.

Na sitari nenda kaitazame tena, safari hii bila uchungu. Kabla hujaenda, jioni moja zima simu, sikiliza raga moja ya Ravi Shankar mwanzo mpaka mwisho, hata ule mwanzo wa polepole usio na tabla, zile ngoma mbili ndogo, ambao ulikuwa ukikuchosha nilipokuwa naupiga kwenye santuri. Sisi wa taarab hatuna ugeni na masikio ya Kihindi. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na hapa Mombasa Juma Bhalo alituimbia mahadhi ya kule tukalia kwa Kiswahili. Utaingia pale ukiwa mtu wa karibu.

Ukipiga picha nyingine, nipigie ule mfupa kwa ubavuni, nione Mullick alivyoulaza. Kioo kikirudisha mwanga, sogea kando kidogo, usimulike taa.

Mama yako anakusalimu, anasema koti ulilovaa kwenye picha ni jepesi kwa baridi ya huko. Nyuzi za udi nilizokuagiza usichukue za nailoni tupu zote. Zile tatu nene ziwe za kuzungushiwa waya, maana zilizopo zimeanza kufumuka na Ijumaa tuna harusi ya jirani. Kwa harusi hii hazitawahi, nitaazima, lakini ukimpata mtu anayekuja kabla ya Ramadhani, mpe.

Baba yako