Konokono kwenye karai la kijana

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Mwanangu yuko form three, ameniletea konokono wadogo aliowatoa kidimbwini huko mashambani njia ya Sabaki, kawaweka kwenye karai hapa uani, ati ni projekti ya shule anataka kuwafuga kama maabara aone vile wanavyobeba kichocho. Anawashika mikono mitupu na mdogo wake nae anachezea yale maji. Niwamwage mtaroni? – Mama Swaleh, Malindi

JIBU: Waalaykum salaam mamangu. Mtaroni usiwamwage, manake konokono hawa kila mmoja ni dume na jike, hata akibaki mmoja anaweza kuanza ukoo mpya. Na kijana usimgombeze, alichowaza ni kizuri sana, ila hilo karai leo liondoke.

Konokono wa kidimbwini hujui kabeba nini. Akiwa na kichocho, jua likiwaka anatoa vijidudu majini, huwezi kuviona kwa macho, na havingoji mtu ayanywe maji, vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda ndani ya dakika chache tu.

Sisi maabara tulikuwa tunaanza na mayai, kwa sababu kichocho hakipiti kwenye yai, konokono anatoka msafi. Utayaona yameganda chini ya jani au kwa kipande cha plastiki, ute kama jeli wenye vitone ndani. Tunawalisha letusi iliyokaushwa, maji yasiwe na klorini, joto kama digrii 25. Halafu ndio unawaambukiza kwa vijidudu vilivyoanguliwa kutoka mayai ya kichocho ya mkojo wa mgonjwa, kila konokono kama vitano hivi, unangoja wiki tano mpaka nane, na kuanzia hapo hakuna kugusa maji bila glavu.

Sasa wewe vaa glavu, wamwagie maji yanayotokota, uwazike. Watoto wote wawili wapeleke wakapimwe mkojo, na mkojo wenyewe uwe wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati huo ndio mayai ya kichocho hutoka kwa wingi. Wakionekana wazima warudie baada ya miezi mitatu, minyoo ya kichocho ikiwa michanga haijaanza kutaga na hata dawa, prazikwanteli, haiiwezi vizuri.

Kabla hujawazika, magamba machache yaliyochemshwa kijana abaki nayo kwa projekti. Alisimamishe gamba ncha juu, mdomo umtazame: ukiwa upande wa kushoto huenda ni Bulinus, ndie anaebeba kichocho cha mkojo huku kwetu Pwani. Alichore hivo hivo.